Bakapu Iliyokataa Kufunguka: Historia ya Hifadhidata na Nakala Zake

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, kazi zilinizidi, lakini leo nimerudi na historia. Na kama kawaida yangu, kabla ya historia yenyewe nawapa kwanza kisa kilichonipeleka huko.

Mwaka jana nilipigiwa simu na mwekahazina wa sacco moja ya wakulima wa majani chai. Kulikuwa na mama mmoja, umri wake sabini na ushei, aliyedai kwamba akiba yake haijatimia. Sacco ilikuwa imebadilisha mfumo wake wa kompyuta mwishoni mwa 2010, na waliohamisha data hawakuleta kila mchango na tarehe yake. Walileta jumla tu, mstari mmoja kwa kila mwanachama, ukaitwa salio la kuanzia. Mama alisema salio lake lilikuwa pungufu tangu siku hiyo. Karatasi za zamani zilikuwa zimeliwa na mchwa. Kilichobaki ni CD moja iliyoandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito: BACKUP NOV 2010.

CD yenyewe ilisomeka, jambo ambalo sikulitarajia. Ndani mlikuwa na faili moja ya .bak, megabaiti mia tatu na kitu. Nikaipeleka kwenye SQL Server 2019 iliyokuwa pale ofisini, nikaiagiza irejeshe, na jibu likaja mara moja: hifadhidata hii ilihifadhiwa na seva ya toleo la 8.00.2039, na toleo hilo haliendani na seva hii ambayo ni toleo la 15. Toleo la 8 ndilo SQL Server 2000. Yaani faili ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo, haidai nenosiri, na bado haifunguki.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango. Akaniuliza, "Kijana wangu, si umesema iko?"

"Iko, nyanya, lakini kompyuta hii haiwezi kuisoma."

Akaniangalia vile mtu humwangalia kondakta anayesema hana chenji. "Sasa kama haisomeki, iko wapi?"

Nilienda nyumbani na swali hilo. Nilisomea sayansi ya kompyuta miaka minne, nikafundishwa hifadhidata mihula miwili, na sikumbuki hata siku moja tukiulizwa bakapu ya mfumo huu itasomwa na nani baada ya miaka kumi. Ndipo nikaanza kufukua. Nilichokikuta ni kwamba swali la nyanya ni la zamani kuliko mimi, na kwamba hifadhidata tunazozitumia zimelijibu kwa njia tofauti kabisa.

Tuanze mwaka 1970. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California, alichapisha makala ambayo kila mwanafunzi wa kompyuta ameitajiwa. Jambo la kwanza analolisema humo, kabla ya hesabu zote, ni kwamba mtu anayetumia data asilazimike kujua data hiyo imepangwaje ndani ya mashine. Enzi hizo programu zilikuwa zikifuata njia maalumu kutoka rekodi moja hadi nyingine. Ukibadilisha mpangilio kwenye diski, programu zinavunjika. Codd akasema weka kila kitu kwenye majedwali, useme unachokitaka, na mashine itajitafutia njia ya kukipata. Msingi wa kila hifadhidata ya SQL uliyowahi kugusa ni huo.

Sasa tazama bakapu. Ndani ya diski, majedwali yako yamekatwakatwa katika vipande vya ukubwa mmoja vinavyoitwa kurasa. Njia ya haraka ya kuchukua bakapu ni kuzikopi kurasa hizo kama zilivyo, baiti kwa baiti. Lakini mpangilio wa kurasa ndio hasa ile siri ya ndani ambayo Codd alitaka tusiijue! Mchana kutwa programu yako inazungumza na majedwali, safi kabisa, kisha usiku bakapu inapita ikibeba matumbo ya mashine yote pamoja na desturi za toleo lile la programu lililoyapanga. Mwaka 1985 Codd alitoa zile kanuni zake maarufu za kupima kama hifadhidata ni ya majedwali kweli, na mojawapo inahusu jambo hili hili la kutotegemea mpangilio wa ndani. Hakuna hata moja inayozungumzia bakapu. Mwaka uliofuata, 1986, Marekani wakapitisha SQL kuwa kiwango rasmi, na 1987 kikawa cha kimataifa. Kiwango hicho kina amri za kuunda jedwali, kuuliza, kubadilisha na kufuta. Amri ya kuchukua bakapu hakina hadi leo. Kila mtengenezaji aliachiwa ajitungie yake.

Kuna njia ya pili. Badala ya kukopi kurasa, unaiomba hifadhidata yenyewe ikusimulie ilicho nacho: jedwali hili lina safu hizi, mstari wa kwanza ni huu, wa pili ni huu. Unapata maandishi. Ni sawa na tofauti ya kupiga fotokopi daftari la karani aliyeandika kwa mkato wake mwenyewe, na kumwita karani akusomee wewe uandike. Fotokopi ni ya haraka na haiachi kitu, ila itakusumbua siku karani yule hayupo. Kusomewa kunachukua muda mrefu lakini mtu yeyote atayaelewa maandishi. Au ndivyo tunavyoambiwa. Mtaona huko mbele kwamba nako kuna mitego.

IBM walianza kujenga mfumo wa majaribio wa mawazo ya Codd mwaka 1974, wakauita System R. Hapo ndipo SQL ilipozaliwa mikononi mwa Donald Chamberlin na Raymond Boyce. Watu husahau kwamba kazi kubwa ya System R haikuwa lugha tu, ilikuwa pia kupona baada ya ajali. Jim Gray na wenzake walitumia mbinu mbili kwa pamoja: kuweka kivuli cha ukurasa wa zamani wakati mpya unaandikwa, na kuandika logi, yaani daftari la kila badiliko. Walipoandika ripoti yao ya 1981 walikiri kwamba vile vivuli vilikuwa mzigo, na logi ilistahili kubeba kazi hiyo. Mkondo huo uliendelea hadi 1992, C. Mohan na wenzake wa IBM walipochapisha mbinu ya ARIES, na hifadhidata nyingi za leo zina alama zake. Nakala ya kurasa pamoja na logi hukuwezesha kurudi hadi dakika moja kabla ya mtu kufuta jedwali kimakosa. Ni uchawi mtupu, lakini logi nayo ni ya ndani kuliko hata kurasa. Msomaji wake ni programu ile ile iliyoiandika, basi.

Upande wa pili wa mji kulikuwa na Larry Ellison. Kampuni yake, iliyoanzishwa 1977 na baadaye ikaitwa Oracle, ilitoa bidhaa yake ya kwanza sokoni mwaka 1979 kwa jina la toleo la 2, kwa sababu nani atanunua toleo la 1? Chamberlin amesimulia kwamba Ellison aliwapigia simu IBM akitaka bidhaa yake ifanane na System R hadi namba za makosa. IBM hawakumpa. Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba tangu mwanzo kabisa, kufanana kwa mifumo kulikuwa suala la biashara, na mwenye soko hana haraka ya kumwelewesha mgeni.

Mwaka 1983 Oracle iliandikwa upya kwa lugha ya C ili iweze kuhamia mashine za kila aina. Mteja anayehama kutoka mashine moja hadi nyingine hawezi kubeba kurasa, kwa kuwa mashine moja huanza na baiti kubwa na nyingine na baiti ndogo. Kwa hiyo Oracle ilikuwa na programu mbili, exp ya kutoa na imp ya kuingiza, na faili yake ilivuka kutoka mashine hadi mashine bila shida. Ila si maandishi! Ni faili ya siri ya Oracle, na imp peke yake ndiyo huifungua. Sheria yake nayo ilikuwa hii: kama unahama kati ya matoleo mawili, tumia exp ya toleo la zamani zaidi kati ya hayo mawili. Kwenye 10g ikaja Data Pump, ambayo unaiambia kabisa, nitolee faili itakayoeleweka na toleo fulani la nyuma. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo heshima. Programu inakubali kwamba si kila mtu amepandisha toleo juzi. Bakapu za kurasa zilipata meneja wake, RMAN, kwenye Oracle 8 mwaka 1997, na kuhamisha kurasa kati ya mashine zenye mpangilio tofauti wa baiti kukawezekana kwenye 10g hiyo hiyo.

DB2 ya IBM, iliyotoka 1983, nitaipita. Sijawahi kuigusa kwa mkono wangu na sitaki kujifanya.

Turudi kwenye CD ya nyanya, maana ukoo wake una visa. SQL Server haikuanzia Microsoft. Ilianzia Sybase, kampuni iliyoundwa 1984. Toleo la kwanza lenye jina la Microsoft lilitoka 1989 kwa mfumo wa OS/2, na wawili hao wakaachana 1994. Kwa Sybase bakapu iliitwa DUMP na kurejesha kuliitwa LOAD. Microsoft wakaja kuziita BACKUP na RESTORE. Toleo la 7.0 la mwaka 1998 liliandikwa upya karibu lote, na ukurasa ukapanuliwa kutoka kilobaiti 2 hadi 8. Fikiria maana yake: bakapu za 6.5 hazikuweza kurejeshwa kwenye 7.0 hata kidogo. Ilibidi programu maalumu ya kuhamisha isome kule na kuandika huku.

Baada ya hapo Microsoft waliweka desturi ambayo haijaandikwa popote kama kanuni moja lakini ukitazama matoleo utaiona: seva mpya hukubali bakapu za matoleo kadhaa ya nyuma, na seva ya zamani haikubali ya mbele kamwe. Seva ya 2005 ilipokea bakapu za 7.0 na 2000. Ya 2012 ilizikataa za 2000 na kuanzia 2005. Kumbe kila ukinunua seva mpya, nyuma yako kuna mlango unajifunga polepole, na CD iliyo kwenye droo haina habari.

Hapa kuna jambo ambalo huwachanganya hata wenzangu wa kazi. SQL Server ina kitu kinachoitwa kiwango cha ulinganifu, namba kama 80, 100, 150. Unaweza kuwa na seva ya 2019 na hifadhidata yenye kiwango cha 100, ikawa inafuata tabia nyingi za SQL za mwaka 2008. Watu hudhani basi bakapu yake itafunguka kwenye seva ya 2008. Thubutu! Namba ile inahusu namna maswali yanavyoeleweka, haihusu kurasa. Kurasa zilishapandishwa toleo dakika ile hifadhidata iliporejeshwa kwenye seva mpya, na hakuna kurudi. Niliwahi kumwona jamaa mmoja akipoteza wikendi nzima kwa kutojua hilo. Jamaa huyo nikiwa mimi.

PostgreSQL ilichukua njia nyingine. Ilianza 1986 Berkeley, kazi ya Michael Stonebraker, ikiwa na wazo la ajabu: usiandike juu ya data ya zamani, ongeza mpya kando, ili mtu aweze kuuliza jedwali lilikuwaje wiki jana. Wazo la kurudi nyuma kwa wakati liliondolewa miaka ya tisini, lakini kutoandika juu ya cha zamani kumebaki. Kwa miaka mingi, ukitaka kupanda toleo kubwa la PostgreSQL ulikuwa na njia moja rasmi: toa kila kitu kwa maandishi ukitumia pg_dump, weka toleo jipya, kisha uingize upya. Wenye hifadhidata kubwa walilia. Logi ya kweli iliingia kwenye 7.1 mwaka 2001, kurudi hadi dakika unayoitaka kukaja na 8.0 mwaka 2005, na programu ya pg_upgrade, inayopandisha toleo bila kutoa maandishi, ilijumuishwa 2010 kwenye 9.0. Bakapu ya kurasa zilizobadilika tu imesubiri hadi toleo la 17, mwaka 2024!

Lakini kile kilio cha miaka mingi kilikuwa na faida yake. Kwa kuwa kila mtu alilazimika kupita kwenye maandishi kila baada ya muda, maandishi yalitunzwa vizuri. Na sheria ya pg_dump ni kinyume cha ile ya Oracle: tumia pg_dump ya toleo jipya kusoma seva ya zamani. Ukijaribu kinyume chake, pg_dump ya zamani ikikutana na seva mpya, hukataa kuendelea.

Ukataaji huo mdogo ndio ulioingia kwenye historia tarehe 31 Januari 2017. Wakati huo GitLab, mahali ambapo watu wengi huweka msimbo wao, walikuwa na seva mbili za PostgreSQL, moja kuu na nyingine ya kuifuata. Ile ya pili ilikuwa imeachwa nyuma. Usiku, akiwa amechoka, mhandisi mmoja aliamua kufuta data ya ile ya pili ili aianzishe upya, na akaifuta ya seva kuu. Alipogundua na kusimamisha amri, kati ya gigabaiti kama 300 zilikuwa zimebaki 4.5 hivi.

Haya basi, tufungue bakapu. Walikuwa na pg_dump inayotumwa kila siku kwenye hifadhi ya mbali. Wakaenda huko wakakuta hakuna kitu. Hifadhidata yao ilikuwa toleo la 9.6, lakini programu ya bakapu ilikuwa ikiendeshwa kutoka kwenye seva ya programu, siyo seva ya hifadhidata. Mfumo wao ulikuwa ukichagua pg_dump kwa kuangalia faili inayotaja toleo ndani ya saraka ya data, na pale hapakuwa na saraka ya data, kwa hiyo ulichagua ile ya 9.2. Ya 9.2 ikakutana na seva ya 9.6, ikakataa, ikafa. Onyo lilitumwa kwa barua pepe, na barua pepe hizo zikakataliwa na seva ya kuzipokea kwa sababu hazikuwa na uthibitisho unaotakiwa. Kila kifaa kilifanya kazi yake sawasawa. pg_dump ilikataa kwa haki kabisa.

Kilichowaokoa ni nakala ya diski ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa ya majaribio. Kuikopi kulichukua muda wa saa 18 kwa kuwa diski za huko zilikuwa za polepole. Walipoteza data ya kama saa sita: miradi ipatayo 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700 hivi. Nawavulia kofia kwa jambo moja: waliandika kila kitu hadharani, hata kurejesha walikuonyesha moja kwa moja kwenye YouTube. Ndiyo sababu mimi hapa naweza kuwasimulia.

Na msidhani ukikopi kurasa za PostgreSQL uko salama kwa kuwa toleo ni lile lile. Agosti 2018 maktaba ya glibc, ambayo Linux nyingi huitumia, ilitoa toleo la 2.28 lililobadilisha mpangilio wa kialfabeti wa maneno. PostgreSQL ilikuwa ikiitegemea maktaba hiyo kupanga faharasa zake. Ukibeba kurasa kutoka Linux ya zamani hadi mpya, hifadhidata inafunguka vizuri, haisemi kitu, lakini faharasa zimepangwa kwa alfabeti ya jana huku zikitafutwa kwa alfabeti ya leo. Unatafuta jina la mwanachama, unaambiwa hayupo, na yupo! Afadhali ile CD yangu iliyokataa waziwazi.

Sasa MySQL, ambayo kwa wengi wetu hapa Kenya ndiyo ya kwanza kuijua, kwa sababu ya PHP na seva za bei nafuu. Ilianza 1995 kwa Michael Widenius, David Axmark na Allan Larsson. mysqldump yake hutoa maandishi ya SQL, na ukifungua faili hiyo kwa mara ya kwanza utaona mistari ya ajabu:

/*!40101 SET NAMES utf8 */;

Kwa hifadhidata nyingine nyingi hayo ni maelezo ya pembeni, yanarukwa. Kwa MySQL ile alama ya mshangao na namba maana yake ni: kama wewe ni toleo la 4.1.1 au zaidi, tekeleza hili. Kama ni la zamani, lipite. Faili moja, matoleo mengi, kila mmoja anasoma fungu lake. Kwa maoni yangu huu ni ujanja bora kuliko wote niliousoma katika historia hii. Zaidi ya hapo mysqldump ilikuwa na chaguo la kuandika faili itakayoeleweka na wengine: Oracle, PostgreSQL, DB2, SQL Server, hata MySQL 3.23. Ulinganifu wenyewe ulikuwa wa juujuu, usiutegemee, lakini nia ilikuwepo. Kwenye MySQL 8.0 orodha hiyo ilikatwa ikabaki chaguo moja tu, ansi.

Kisha ukoo ukagawanyika. Sun wakainunua MySQL 2008, Oracle wakainunua Sun mapema 2010, na Widenius, aliyeona mambo yanakokwenda, akaanzisha MariaDB mwaka 2009. Mwanzoni hizi mbili ulizibadilisha kama betri. MySQL 8.0 ilipotoka Aprili 2018 ikiwa na mpangilio mpya wa herufi unaoitwa utf8mb4_0900_ai_ci, wengi wetu tulipata elimu. Unatoa dampu kwenye kompyuta yako, unaipeleka kwenye seva ya mteja yenye MySQL 5.7 au MariaDB ya miaka ile, unaambiwa mpangilio huo haujulikani. Maandishi matupu, yanasomeka kwa macho, na bado hayaingii. Dawa ya mtaani ni kufungua faili na kubadilisha neno hilo kila lilipo. Nimefanya hivyo saa nane za usiku, na nadhani wewe pia.

Mei 2024 ikawa zamu ya ule ujanja wa mabano wenyewe. Watu wa MariaDB waliongeza mstari wa kwanza kwenye dampu zao, wenye namba 999999, yaani toleo ambalo hakuna seva itakayolifikia, ili kuizuia faili yenye nia mbaya isiendeshe amri za mfumo kupitia programu ya mteja. Seva zililipita kama ilivyotarajiwa. Lakini programu za mteja za zamani, na za MySQL, ziliona herufi zilizokuwemo zikadhani ni amri, zikasimama kwenye mstari wa kwanza. Bakapu nzima imekataliwa kwa sababu ya mstari uliowekwa kwa ajili ya usalama. Ukiufuta huo mstari mmoja, yote yanaingia.

Kuna mdogo wao mmoja aliyelichukulia swali la nyanya kwa uzito. SQLite ya Richard Hipp, iliyoanza mwaka 2000, huweka hifadhidata nzima kwenye faili moja, na mpangilio wa faili hiyo umeelezwa wazi hadi baiti ya mwisho. Faili za toleo la 3 la 2004 zinasomeka leo, kwenye mashine ya baiti kubwa au ndogo, na waandishi wake wanasema wanakusudia kuitunza hadi 2050. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka kwenye orodha ya miundo inayopendekezwa kwa kuhifadhi data. Si ya kuendeshea sacco yenye matawi kumi, lakini kwa kuweka kwenye droo sijaona inayoishinda.

Basi, CD. Niliazima kompyuta kuukuu yenye Windows 7, nikaweka SQL Server 2008 R2 ile ya bure, kwa sababu yeye anakubali wa 2000 chini yake na anakubaliwa na wa 2019 juu yake. Ilirejesha kwa dakika mbili. Nikachukua bakapu mpya hapo, nikaipeleka kwenye 2019, ikaingia. Nikafurahi, nikaendesha ripoti ya zamani ya michango, ikakataa! Aliyeiandika alikuwa ameunganisha majedwali kwa alama ya *=, mtindo wa enzi za Sybase, na seva ya 2019 haiijui tena; iliponyanyua kiwango cha hifadhidata kutoka 80 hadi 100 wala haikuniuliza. Nikarudi kwenye ile kompyuta kuukuu, ambako kiwango kilikuwa bado 80, na huko ripoti ikatoka.

Kurasa nne. Michango ya kuanzia 1998, mwezi kwa mwezi. Jumla yake ilizidi lile salio la kuanzia kwa shilingi 41,300, kwa sababu miezi kadhaa ilikuwa imeandikwa chini ya namba yake ya zamani ya uanachama na waliohamisha data waliichukua namba mpya peke yake. Mwekahazina alisoma mara mbili, akaita mwenyekiti. Nyanya akavaa miwani, akafuata kila mstari kwa kidole, hakusema kitu mpaka ukurasa wa mwisho.

"Nilikuwa nimehesabu elfu arobaini na sita," akasema. "Hizo zingine nitazitafuta."

Na mimi nikampa mwekahazina CD yake, na flashi yenye kila jedwali kwa maandishi matupu, pamoja na karatasi inayosema ni toleo gani la nini liliyatoa.